Tangi Langu Sio Tupu

Wasee, kila nikiposti tangi langu jipya la maji ya chumvi, komenti ni ileile: "Mbona liko tupu? Jaza mawe!" Sijazi, na nina sababu.

Mawe sio pambo. Kwa vile vitundu vyake huishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki, iwe nitriti, halafu nitrati. Hao bakteria wanahitaji wiki kadhaa kuzaana kabla uweke samaki. Na ukirundika mawe, maji hayapiti, uchafu unatuama hapo katikati. Ndio maana nimeweka machache, yenye mapango, mbali kidogo na kioo ili mkono upite nikisafisha. Jiwe la chini linakaa kwa sakafu ya tangi, sio juu ya mchanga, ju kuna samaki na kamba wanaochimba. Wakichimbua hapo chini, ukuta wote unaanguka.

Na usiniambie niende Watamu nikang'oe matumbawe. Hiyo ni hifadhi tangu 1968, na hapo ni kwa watu, ni vile tu wenyewe wana mapezi.

Tangu niache chuo, mathe huniuliza kitu kama hicho: mbona mwaka mzima hakuna kinachoonekana? Nikamwonyesha tangi. Nikamwambia, "Mum, hapa kuna kazi inaendelea, ni vile haionekani kwa macho." Akaliangalia sana. Halafu akauliza samaki wanakuja lini.

Nilimwambia ukweli: maji yakiwa tayari.