Wino wa Zingefuri na Habari Nyingine za Sayansi

Habari za sayansi hutufikia sisi wa kando ya Lualaba kama samaki wafikavyo sokoni: wengine wabichi, wengine wamekaushwa vizuri kwa moshi, na wengine wamekwisha kuoza ingawa mwuzaji aapa kwamba wamevuliwa leo. Radio yasema jambo moja, simu ya mkononi yaleta la pili, na dereva wa pikipiki atokaye Kasongo anashuka na la tatu. Kila mtu ana maoni yake juu ya habari hizo, nasi tuna yetu.

Tuanze na habari inayotuhusu kuliko zote, ingawa ni wachache kwetu walioisikia.

Tarehe 29 Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, akitafuta chanzo cha mto Nile. Alitaka mitumbwi ya kuvukia Lualaba, asipate; akakaa hapa mpaka tarehe 20 Julai. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino vilevile. Basi akachukua magazeti ya zamani ya London, lile liitwalo The Standard, akayakunja, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, mistari yake ikikata ile ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mzingefuri. Waujuao mti huo wajua jinsi mbegu zake zinavyotia wekundu vidoleni. Lakini wekundu huo haudumu sana. Miaka ikapita, wino ukafifia, maandishi ya gazeti yakabaki meusi kama yalivyokuwa, na kurasa nyingi hazikuweza kusomwa tena na mtu. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1874, baada ya kifo chake, hakikutolewa katika magazeti hayo. Kilitolewa katika daftari jingine, ambamo Livingstone mwenyewe alinakili habari zake baadaye, kisha rafiki yake Horace Waller akazipanga na kuzisahihisha.

Mwaka 2010 wataalamu kutoka Marekani na Uingereza, wakiongozwa na mwalimu Adrian Wisnicki, walizipiga picha karatasi hizo mjini Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Hawakutumia dawa yoyote, wala hawakukwaruza kitu. Waliziangaza kwa taa za rangi mbalimbali, moja baada ya moja, tangu mwanga usioonekana ulio upande wa pili wa zambarau hadi ule usioonekana ulio upande wa pili wa nyekundu, na katika kila mwanga wakapiga picha. Sasa tazameni akili ya jambo hili. Wino wa mmea na wino wa mtambo wa chapa haviupokei mwanga kwa namna moja. Katika mwanga ulio nje ya nyekundu, wino wa zingefuri hutoweka kabisa, bali wino wa gazeti, ulio na masizi ndani yake, hubaki mweusi. Katika mwanga mwingine vyote viwili huonekana. Mtu akichukua picha hizo mbili akampa mtambo wa hesabu, yaani kompyuta, aondoe ile ya kwanza katika ile ya pili, kitakachosalia ni mkono wa mwandishi peke yake. Tarehe 1 Novemba 2011 picha hizo ziliwekwa wazi kwa watu wote katika intaneti, bila malipo.

Na ni nini kilichoandikwa? Livingstone aliandika juu ya soko letu. Kila siku ya nne watu walikuja kwa mamia, wengi wao wanawake, wakivuka mto kwa mitumbwi na samaki, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu, kuku na muhogo. Aliwapenda watu wa soko. Alipenda kuwasikiliza wakibishana bei na kucheka. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya joto, walikuwapo kama 1,500. Watu watatu wenye bunduki, wa kundi la mfanya biashara Dugumbe, waliingia sokoni. Mmoja akagombana na mwuzaji kwa sababu ya kuku. Bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengine wakajitupa mtoni, na kundi jingine lililokuwa karibu na maji likawapiga risasi wakiogelea. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Upande wa pili wa mto, watu wa Tagamoyo walikuwa wakichoma vijiji siku ileile.

Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1872, zikiletwa na Stanley, zilisaidia kuwasukuma wakubwa wa huko. Na mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Lisilokuwamo ni hili: wataalamu walipolinganisha maandishi ya zingefuri na yale yaliyonakiliwa, waliona kwamba hayafanani kila mahali. Livingstone alipokaa kunakili alipunguza hapa, akaongeza pale, hasa katika mambo ya watu wa msafara wake mwenyewe, ambao mwenendo wao ulikuwa mbaya kuliko alivyotaka wasomaji wajue.

Wako waliosema, Basi, yule mzee alikuwa mwongo. Sisi hatusemi hivyo. Kila aandikaye barua mara ya pili huipunguza ukali wake, na mtu mwenye homa, mbali na kwao, ana sababu zake. Lakini twafurahi kwamba sasa shahidi wa kwanza anasikika, yule aliyeandika siku zilezile, kabla ya kufikiri nani atamsoma. Kwa jambo la damu, neno la kwanza lina thamani yake.

Kinachotuchoma moyo ni kingine. Waliokufa katika maji haya ni bibi zetu. Idadi tunayo, majina hatuna, na mwanga wa rangi yoyote hautayaleta, kwa kuwa hayakuandikwa. Tena maneno yaliyosomwa kwa ustadi mkubwa namna hiyo yamewekwa mahali ambapo mtoto wa Nyangwe hayaoni: kwanza apate mtandao, kisha ajue Kiingereza. Shuleni kwetu watoto husoma kwa Kifaransa, nyumbani husema Kiswahili. Twafikiri kurasa za siku ile moja tu, ya tarehe 15 Julai, zingeweza kufasiriwa kwa Kiswahili na kupigwa chapa katika kijitabu chembamba. Kazi hiyo haihitaji taa za ajabu. Yahitaji mwalimu mmoja ajuaye lugha mbili, na karatasi.

Tukiwa bado mtoni, kuna hoja nyingine ya sayansi iliyokatwa hapahapa. Livingstone alitumaini kwamba Lualaba ni Nile, ingawa moyoni aliogopa kwamba huenda ni Kongo. Agosti 1874 akaja Verney Lovett Cameron na vyombo vyake vya kupimia kimo cha nchi. Wasafiri wa zamani walikuwa na njia nyepesi ya kupima kimo: kuchemsha maji na kutazama yanachemka kwa joto gani, maana kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi. Cameron aliona kwamba mto wetu hapa Nyangwe uko chini kuliko Nile ilivyo kule Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Maji hayapandi mlima. Kwa hesabu hiyo moja neno likaisha, hata kabla Stanley hajaondoka hapa mwaka 1876 na kuufuata mto hadi Boma, alikofika Agosti 1877. Sisi twapenda hoja ya namna hii: fupi, na mtoto wa darasa la tano aweza kuirudia.

Ila neno «kugundua» latuchekesha kidogo. Mwaka 2012 magazeti ya dunia yalitangaza kwamba nyani mpya amegunduliwa katika msitu wa mto Lomami, anaitwa lesula, uso wake mrefu na macho yake kama ya mtu mwenye mawazo. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 huko Opala, akifugwa na msichana, binti wa mkuu wa shule. Wawindaji walimjua tangu zamani, na jina lesula ni lao. Hata hivyo hatuwadharau wataalamu. Mwindaji alijua lesula yuko. Hakujua kwamba hapatikani po pote pengine duniani. Ni kwa kujua hilo la pili kwamba mwaka 2016 msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa ya Lomami. Maarifa mawili yalikutana, na ni haki yote mawili yatajwe.

Habari ya tatu si ya kuchekesha. Kasongo ina jina katika vitabu vya waganga. Mwaka 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapa uchunguzi uliofanywa kule juu ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo. Waganga waliona kwamba chanjo yazuia vifo vya surua. Lakini wakauliza swali gumu: je, mtoto dhaifu aliyeponywa na surua hatachukuliwa baadaye na ugonjwa mwingine, kuhara au kichomi, hata faida ikapungua? Swali hilo lilizungumzwa miaka mingi katika nchi nyingine. Wachunguzi wa Guinea-Bissau na Bangladesh walipohesabu watoto wao waliona jibu jema: waliochanjwa waliishi zaidi, hata kupita hesabu ya vifo vya surua peke yake.

Mbona twaleta habari ya zamani? Kwa sababu maneno ya simu huchukua nusu ya swali na kuacha jibu. Wako wasemao hata leo, «Waganga wenyewe walikiri kwamba chanjo haifai.» Waganga waliuliza, hawakukiri, na kuuliza ni kazi yao. Mwaka 2019 surua iliingia katika majimbo yote ya Kongo, na ilipofika Januari 2020 zaidi ya watu 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto wasiofikia miaka mitano. Baba na mama, hilo si jambo la kupimwa kwa maneno ya dereva wa pikipiki, hata awe mchangamfu namna gani. Mganga wa zahanati akisema sindano zimefika, chukueni kadi ya mtoto mwende siku hiyohiyo, maana chanjo hukaa katika baridi, na petroli ya kuendesha barafu yaweza kwisha kesho.

Juu ya simu zenyewe tuna machache ya kusema. Maniema ilitoa bati tangu miaka ya 1930 katika machimbo ya Kalima, na koltani yatoka mashariki ya nchi yetu. Mawe hayo huenda mbali, hurudi yakiwa simu, nasi hununua. Hatulii sana juu ya hilo, wengine wamekwisha kulia vya kutosha. Twawatazama vijana wa sokoni wanaozifungua simu kwa bisibisi ndogo na kuzifufua chini ya mwavuli, wakitumia umeme wa jua, bila kitabu cho chote. Angalau wangepata mwalimu wa fizikia kwa saa mbili kwa juma.

Na kwa walimu wenyewe, hili hapa la kufanya darasani, lisilohitaji Edinburgh. Tafuteni mbegu za mzingefuri, au rangi yo yote nyekundu ya mmea, mzisugue katika maji kidogo. Mtoto aandike jina lake kwa ujiti juu ya gazeti la zamani, mistari ikikatana, na karatasi iachwe ikauke vizuri. Kisha funikeni jicho kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia peremende: jina litafifia sana, na maneno ya gazeti yatabaki. Badilisheni, mtumie ya kijani au ya buluu: jina litarudi, jeusi. Wapeni watoto nafasi ya kujaribu mmoja mmoja, maana kila mmoja atataka kuona jina lake likitoweka. Rangi ikiwa nyepesi mno haitaonekana katika yo yote. Basi ongezeni mbegu.