Kinachotajwa kwanza kwenye sahani

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Makao yangu ni Hannover, Ujerumani, lakini Jumatatu hadi Alhamisi huwa njiani: leo Kassel, kesho Leipzig, keshokutwa mji mdogo ambako treni hupita mara moja kwa saa. Kwa miaka mingi nilikula kilichokuwa karibu na mlango wa stesheni, na kilichokuwa karibu ni mkate. Miaka mitatu iliyopita daktari akanisomea kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu: asilimia 6.3. Kisukari huanzia 6.5. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Waliovuka mpaka huo nawaona kila wiki, wamelazwa kwenye viti kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki, damu yao ikizunguka ndani ya mashine niliyoifunga kwa mikono yangu. Kisukari ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafikisha watu pale.

Nikaanza kupunguza wanga. Sikuuacha, niliupunguza.

Ujerumani kazi hiyo ni ya kusoma. Tangu Desemba 2016 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka karibu kila chakula kilichofungashwa kiandikwe kina wanga kiasi gani kwa kila gramu 100, na kati ya wanga huo sukari ni kiasi gani. Nikishuka kwenye treni naingia duka la stesheni, ambalo hufunguliwa hata Jumapili wakati maduka mengine ya mji yamefungwa, na ndani ya dakika tano chakula cha siku kimepatikana: mayai yaliyokwisha kuchemshwa, yenye maganda yaliyopakwa rangi, tango, kipande cha jibini, samaki wa kopo, na kikopo cha quark, yale maziwa mazito ya kuganda ambayo gramu 100 zake zina wanga kama gramu 4 tu na protini kama 12. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, macho yanatafuta pia nguruwe na jelatini. Kusoma kote huko kumekuwa mazoea, hata saladi ya dukani siiamini mpaka nimeangalia mchuzi wake umetiwa sukari kiasi gani.

Mgahawani ni rahisi zaidi. Angalia jinsi Wajerumani wanavyotaja chakula: kuku na viazi, samaki na wali, nyama na tambi. Nyama au samaki hutangulia, wanga hufuata nyuma, na wana neno lake, Beilage, yaani kile kinachowekwa pembeni. Cha pembeni hubadilishwa bila maneno mengi. Nasema, “saladi badala ya viazi,” mhudumu anaandika, anaondoka. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kwenye maduka ya Waturuki, ambako ndiko nakula mara nyingi kwa sababu ya halali, naagiza sahani ya nyama na saladi bila mkate wala wali, napewa, nalipa, nakula peke yangu huku natazama simu.

Mwaka jana kampuni ikanituma nyumbani kwa wiki tatu, kufundisha mafundi Mbeya na Dodoma. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nilikuwa na hofu moja tu, na hofu hiyo ilikuwa sahani.

Kwetu wali nyama ni wali kwanza. Ugali samaki, ugali maharage, ndizi nyama, chipsi kuku: wanga ndio unaobeba jina, na hicho ndicho chakula. Kingine chote ni mboga. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, dagaa ni mboga. Mtoto anauliza, “Mama, leo mboga nini?” na ugali hauulizwi, kwa sababu ugali upo. Ukimwambia mtu umekula nyama na mchicha tu, anasikia kwamba hujala. Kwa hiyo unapoomba uondolewe wali, hukumwomba mpishi abadilishe cha pembeni, umemwomba aondoe chakula akubakizie mboga. Nililielewa hili vizuri baada ya kuishi mbali, na limenisaidia kuacha kuwakasirikia watu wanaonilazimisha kula. Wananionea huruma.

Basi kutoka Dar hadi Mbeya ni safari ya kutwa nzima. Watu wengi wa diaspora huniambia njiani hakuna cha kula ila chipsi, na mimi nawapinga. Basi likisimama tu, mayai ya kuchemsha yanakuja dirishani na chumvi yake na pilipili. Yanakuja matango. Zinakuja karanga, ambazo zina wanga mdogo kuliko korosho, ingawa korosho ndizo tunazozinunua kwa fahari. Kwenye hoteli ya njiani, ambako unapewa dakika ishirini ule, uchimbe dawa na kurudi kwenye kiti, niliomba mayai ya kukaanga bila chipsi, kachumbari na mshikaki. Kijana wa jikoni alirudia mara mbili, “Bila chipsi, kaka?” kisha akakaanga. Na asubuhi, kabla ya safari, kulikuwa na supu. Sijaona mahali pengine duniani panapompa msafiri kifungua kinywa kizuri kama bakuli la supu ya mbuzi yenye limau na pilipili. Tatizo ni chapati mbili zinazoifuata bila kuitwa.

Kilichoniuma kilikuwa mahali nisipopatarajia, kwenye mafunzo yenyewe. Tulikaa ukumbini siku nzima tukizungumzia figo, na saa nne ikaletwa chai iliyokwisha kutiwa sukari, na maandazi. Mchana ulikuja wali, chipsi na ndizi pamoja, na soda kwa kila mtu. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko vya chai tisa. Nawaheshimu waandaaji, najua soda ni heshima kwa mgeni, lakini katika mikutano ya afya heshima hiyo tuitafutie namna nyingine. Maji na parachichi la Rungwe vingetosha kumkirimu mgeni yeyote. Mbeya wanalo zuri kiasi cha kuliuza nje.

Pale pale muuguzi mmoja aliniuliza kama awaambie wagonjwa wake wafanye kama mimi. Nikamjibu hapana, si moja kwa moja. Mimi sinywi dawa ya sukari. Mtu anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenclamide, akipunguza ugali ghafla bila kupunguziwa dawa, sukari inaweza kushuka mpaka atetemeke, atoke jasho, hata azimie, na akiwa ndani ya basi hilo ni jambo la hatari. Aanze kwa daktari, ndipo aje kwenye sahani.

Kutoka Mbeya tulikwenda Dodoma kwa gari kupitia Iringa, na kwenye bwawa la Mtera tulisimama kununua perege wa kukaanga. Nilikula wawili kwa mkono, nikafungiwa watatu kwenye gazeti. Sikuwa na kibandiko cha kusoma, na sikukihitaji. Samaki alikuwa samaki.

Dodoma nilifikia nyumba ya wageni jirani na kibanda cha mama ntilie. Siku ya kwanza nikamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wali nyama, wali maharage, ugali dagaa.”

“Naomba nyama na mchicha, mama. Wali niwekee kijiko kimoja tu.”

Akashusha upawa. “Unaumwa?”

Ujerumani sijawahi kulijibu swali hilo, kwa sababu sijawahi kuulizwa. “Sukari inaninyemelea,” nikasema.

Akavuta kigoda akakaa. Akanieleza habari za dada yake aliyekatwa mguu, akaniuliza napima lini, nakula nini huko, nani ananipikia. Wateja wawili walisubiri, na hakuna aliyelalamika. Kisha akaniuliza, “Sasa nyama bila wali utashibaje?”

“Niongezee mchicha, na zile nyanya chungu. Bei iwe ileile ya wali nyama.”

Aliniongezea, na mlenda pembeni bila kuulizwa. Wali ulikuwa vijiko vitatu. Nikala kimoja. Siku ya pili vilikuwa viwili, na alisimama kuangalia kama nimeshiba kweli.

Siku ya nne nilichelewa, kibanda kimejaa, foleni imefika barabarani. Aliniona kwa mbali, akageukia nyuma alikokuwa binti yake na masufuria, akapaza sauti:

“Nyama mchicha moja!”