Mdai wa Disemba, Mdaiwa wa Januari
Mashindano ya Willem C. Vis ya usuluhishi wa kibiashara, yaliyoanza Vienna mwaka wa masomo wa 1993/94, humtaka mwanafunzi wa sheria atunge hoja mbili zipinganazo. Disemba huandika waraka wa mdai: tuseme, bidhaa hazikulingana na makubaliano, na Kifungu cha 35 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kinamlinda mnunuzi. Januari, kwa kalamu ile ile, hujibu waraka wa chuo kingine akimtetea muuzaji: taarifa ilichelewa, haki imepotea chini ya Kifungu cha 39.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ngonjera. Hata hivyo, ngonjera za Mathias Mnyampala huelekea maafikiano. Vienna hakuna akiriye kushindwa, nao wasuluhishi hutuza ubora wa utetezi. Anayepata taabu ni yule aliyeyaamini maneno yake ya Disemba. Sasa hana budi kuzisaka nyufa katika sentensi alizozipenda (kazi chungu, ambayo wahakiki wengi huwafanyia wenzao tu). Kisha, siku chache kabla ya Pasaka, husimama mbele ya jopo la watu watatu, tayari kwa upande wowote.