Udaktari Usiotibu Mtu

Habari ilipoenea kijijini kwetu ya kuwa mwalimu anaomba kwenda Marekani kusomea udaktari, haikupita juma moja kabla hatujapata mgonjwa wetu wa kwanza. Alikuwa bibi mmoja mzee wa mtaa wa chini. Alikuja na fimbo yake hata barazani kwetu, akaketi, akafunua goti lililovimba, akasema, "Mwalimu, nimesikia. Nimeona nije mapema, kabla watu hawajawa wengi."

Tulimweleza kwa upole ya kuwa udaktari tuutakao si wa dawa, ni wa vitabu. Akatutazama kitambo, kisha akauliza, "Vitabu navyo huugua?" Tukacheka sote, naye akarudi na goti lake kama alivyokuja nalo. Kwa ajili ya swali lile, na kwa ajili ya wale wengine waliotuuliza njiani na sokoni, twaandika haya. Huenda katika nyumba zenu yumo kijana atakayeishika njia hii, na ni vema mjue gharama yake kabla hajauza kitu.

Siku hizi wataalamu wa Kiswahili huiita shahada hii uzamivu, neno litokalo katika kuzama. Twalipenda jina hilo kuliko lile la udaktari, maana mtu huzama kweli, na wako wasioibuka. Aitakaye katika fasihi ya Kiingereza huko Marekani hukaa miaka mitano, sita, hata zaidi. Miaka ya kwanza huhudhuria masomo pamoja na wenzake. Kisha hutahiniwa mbele ya walimu wake. Kisha hukaa peke yake akiandika tasnifu, yaani kitabu kizima juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyelisema vile kabla yake. Uingereza mambo ni mbali kidogo. Huko muda ni miaka mitatu au minne, lakini mwombaji hutakiwa aje tayari na mpango wa kazi yake na kumpata mwalimu atakayekubali kumwongoza, na fedha za kumsomesha hupatikana kwa shida. Marekani vyuo vingi humsamehe karo yule aliyekubaliwa, humpa na posho, naye huilipa kwa kuwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza namna ya kuandika insha. Tulipolisikia jambo hilo, sisi tuliozoea ubao na chaki, tuliona mlango umefunguliwa mbele yetu.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye akili sana, alituuliza: kwa nini fasihi ya Waingereza? Je, hatuna maneno yetu wenyewe? Swali hilo si jipya. Mwaka 1968, pale chuoni Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, nyingine zote zifuate nyuma yake. Ngũgĩ mwenyewe alikwenda Leeds mwaka 1964 kusoma shahada ya juu akarudi bila kuimaliza, ila alirudi na riwaya, A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Hata hivyo alimalizia kazi yake akiwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi huko California, akafariki mwaka 2025. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha huko hata kustaafu, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Tulimjibu mzee ya kuwa mtu aweza kuingia nyumba ya jirani si kwa kuidharau ya kwao, bali ili aone ni vyombo gani vya kwetu vilivyowekwa mle. Alitikisa kichwa. Hatudhani aliridhika.

Sasa tuseme habari ya maombi yenyewe. Huanza mwezi wa Septemba, na vyuo vingi hufunga mlango Desemba au mapema Januari. Mwombaji hupeleka taarifa ya matokeo yake ya chuo, barua za wadhamini watatu, maelezo ya nia yasiyozidi kurasa mbili au tatu, na insha ya mfano ya kurasa kumi na tano hata ishirini na tano. Zamani palikuwa na mtihani maalumu wa fasihi ya Kiingereza, lakini ulikomeshwa mwaka 2021, na vyuo vingi vimeacha pia kuutaka ule mtihani mkuu uitwao GRE. Twashukuru kwa hilo, maana ada ya mtihani na safari ya kuufikia vingetumaliza kabla hatujaanza. Tena kila chuo hutoza ada ya maombi, na mara nyingi ni dola 75 au zaidi. Ada hiyo hairudi, hata ukikataliwa.

Mwaka ule wa kwanza tuliomba vyuo vinne. Ada tulizipata kwa kuuza mtamba tuliyemtunza kwa ajili ya maziwa ya watoto. Mwenzetu wa nyumbani hakusema neno siku tulipomtoa zizini. Jioni aliuliza tu, "Baba, na wakikataa?" Tukamjibu kwa haraka ya mtu asiyetaka kufikiri ya kuwa hawatakataa wote wanne.

Insha yetu ya mfano tuliiandika juu ya John Bunyan, yule aliyefungwa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa kuhubiri bila ruhusa, na ambaye kitabu chake cha safari ya Mkristo kilitolewa mwaka 1678. Wengi wenu mwakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Tulitaka kuonyesha jinsi kitabu cha Mwingereza kilivyosafiri Afrika na kugeuka kuwa cha Waafrika. Tuliona fahari moyoni, tukidhani hakuna mtu duniani aliyeliwaza jambo hilo. Tuliandika usiku kwa miezi mitatu, taa moja, madaftari ya wanafunzi upande mmoja na Bunyan upande wa pili.

Wote wanne walikataa. Barua zilikuja Februari na Machi, fupi, za adabu, zikifanana kama mayai. Mtamba amekwenda, na watoto wanakunywa chai ya rangi.

Hatungalijua kosa letu lilikuwa wapi, kama si mwalimu mmoja wa chuo cha mbali ambaye hatukumwomba hata kidogo. Tulimwandikia tu kumwuliza neno juu ya Bunyan, naye akajibu kwa wema: je, mmesoma kitabu cha Isabel Hofmeyr? Tukakitafuta. Mama huyu, profesa wa Johannesburg, alikwisha kutoa mwaka 2004 kitabu kizima, The Portable Bunyan, juu ya jambo lile lile, akieleza ya kuwa Safari ya Msafiri imefasiriwa katika lugha kama 200, na themanini katika hizo ni za Afrika. Ndugu wasomaji, tulitahayari. Tulikuwa tumepeleka kwa wajuzi habari waliyokuwa nayo rafuni miaka mingi, tukiwaambia ni mpya. Katika kazi hii hilo ni kosa kubwa kuliko Kiingereza kibovu. Wasomao maombi hawatafuti mtu ajuaye yote. Wataka kuona kwamba amewasikia waliomtangulia, na ana neno la kuongeza.

Basi tukajiuliza, sisi tuna neno gani? Hapo tukamkumbuka babu yetu, upande wa mama. Hakujua kusoma, lakini hadithi ya Msafiri aliijua yote kwa kusimuliwa, naye akatusimulia sisi utotoni. Siku moja tulimwuliza, mzigo ule mgongoni mwa Msafiri ulikuwa na nini ndani? Mwalimu wa Jumapili alitwambia ni dhambi. Babu akasema, "Ilikuwa kodi ya kichwa." Hakuwa akifanya mzaha. Ndivyo alivyouelewa tangu ujana wake, na kwake pale mzigo ulipoanguka palikuwa mahali ambapo hakuna karani wa kumwuliza mtu cheti. Tukaanza kuwauliza wazee wengine, wa kwetu na wa milima ya pili: mzigo ule ni nini? Mmoja alisema deni la mahari. Bibi yule wa goti alisema kuni, akashangaa kwamba twauliza. Insha ya pili tuliiandika juu ya hayo, tukamtaja Hofmeyr katika ukurasa wa kwanza, kisha tukasema yale ambayo yeye hangeweza kuyasikia kwa kuwa hakuketi barazani kwetu.

Habari ya wadhamini ituwie fupi. Wawili walifanya wema. Wa tatu, aliyetufundisha zamani, alituambia tuiandike barua wenyewe naye atatia sahihi. Tulikataa, kwa kuwa ni uongo, na pia kwa kuwa barua ya namna hiyo hutambulikana upesi. Akanyamaza hata siku moja kabla ya mlango kufungwa, kisha akaipeleka. Usiku ule hatukulala. Kijana atakaye njia hii na awaombe walimu wake miezi miwili kabla, awape insha yake waisome, na awakumbushe bila haya.

Mara ya pili tuliomba vyuo vitano. Vitatu tuliviandikia kwanza tukieleza mshahara wetu, vikatusamehe ada. Hatukujua mwaka wa kwanza kwamba kuna kuomba hivyo. Mtamba yule angalikuwa zizini hata leo.

Wanne walikataa. Wa tano alikubali: miaka mitano, karo kusamehewa, posho ya kila mwezi. Vyuo vingi vya kule vimepatana kumpa mwombaji nafasi ya kufikiri hata tarehe 15 Aprili, ndipo ajibu.

Tulidhani siku ya barua ile itakuwa ya furaha tupu. Ila tangu mwaka 2008 kazi za kufundisha fasihi vyuoni kule zimepungua sana, na wengi wamalizao hawapati kazi ya kudumu. Milango yenyewe inazidi kuwa myembamba: mwezi wa Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza kwamba hakitapokea wanafunzi wapya wa udaktari katika masomo kadhaa kwa mwaka uliofuata, na Kiingereza kilikuwamo. Posho nayo ni ya mtu mmoja, na mke wa mwanafunzi mgeni hakubaliwi kule kufanya kazi ya mshahara. Maana yake, ama wote tuishi kwa kidogo katika nchi ya baridi, ama mwenzetu abaki na watoto na shamba, nasi tuonane nao kwenye simu.

Tulimweleza hayo yote bila kuficha. Alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Mtamba tumekwisha mwuza, Baba. Ukibaki, utakuwa ukimtazama zizini kila siku na hayupo." Mama yetu mzazi alisema neno jingine: kwamba yeye ana miaka sabini na mitatu, na mitano ni mingi.

Tarehe 13 Aprili tulishuka Lushoto mjini kwenye kompyuta, tukajibu kwamba tutakwenda. Masomo yaanza mwezi wa Agosti. Kwanza sisi peke yetu. Juu ya watoto tutaamua mwaka wa pili. Tumeomba likizo isiyo na malipo, na jibu la wilaya bado halijatoka. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, vitabu viwili bado hatujavigusa, na mwalimu wa kutupokea darasa hajapatikana. Kwa hiyo tumeongeza kipindi cha alfajiri kabla ya kengele. Wanafunzi huja na taa zao.