Hirizi Iliyotaka Kuvunja Posa

Hebu chukua Biblia yako ya Union ufungue Mathayo sura ya 23, aya ya 5. Hapo Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo kwa kupenda kutazamwa, na mojawapo ya makosa yao ni kupanua hirizi zao. Naam, hirizi! Neno lile lile tunaloliita kile kifuko anachofungwa mtoto asipatwe na jicho baya. Hata Kigiriki kilitumia neno lenye maana ya kinga. Basi neno hilo moja nusura livunje posa ya binti ya dada yangu, huku kwetu Myanga.

Mchumba wake ni kijana wa Mbale, Uganda. Sisi Wabukusu na Wagisu ni ndugu kwa lugha na kwa tohara, kwa hivyo kwa kabila hakuna aliyekuwa na neno. Tatizo lilikuwa dini. Kijana ni wa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda.

Usishangae, wapo tangu 1919. Semei Kakungulu, jemadari Muganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, alisoma Agano la Kale akaazimia kutahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake wa dhehebu la Wamalaki wakamwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Alifariki 1928 lakini wafuasi wakabaki. Idi Amin aliipiga dini yao marufuku miaka ya sabini, wakawa wakisali kwa kujificha hadi alipong'olewa 1979. Mwaka wa 2002 mamia yao walipokelewa rasmi na marabi kutoka ng'ambo, na 2008 mwenzao, Gershom Sizomu, akahitimu urabi huko Los Angeles. Sinagogi yao kuu iko kilima cha Nabugoye.

Turudi nyumbani. Mgeni alilazwa katika simba ya wavulana. Alfajiri mtoto mmoja mdadisi akachungulia, kisha akatoka mbio hadi jikoni: mgeni amejifunga mikanda myeusi mkononi, ana kisanduku kwenye paji la uso na ananong'ona peke yake! Dada yangu ni mke wa mzee wa kanisa. Kwa mila hawezi kumhoji mkwe ana kwa ana, kwa hivyo akanituma mimi. “Mwambie akifungue tuone kilichomo,” akasema.

Kijana akakataa, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Sanduku lisilofunguliwa mbele ya wakwe, wewe ungedhani lina nini?

Sababu yake niliielewa baadaye. Vifaa hivyo huitwa tefilini. Ni visanduku viwili vya ngozi vyenye umbo la mraba, kimoja cha mkono na kimoja cha kichwa, navyo hushonwa kwa kano za mnyama aliye halali. Anayevifungua ni mwandishi aliyesomea kazi hiyo, anapokagua maandishi. Ndani hamna dawa wala mizizi. Mna aya nne za Torati, mbili za Kutoka 13, na mbili za Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Herufi zote ni zaidi ya 3,000, na ikikosewa moja tu tefilini haifai. Ndiyo maana jozi moja hugharimu mamia ya dola, na ndiyo maana ikianguka chini wengine hufunga kula siku hiyo.

Huvaliwa sala ya asubuhi, siku za kazi. Anayetumia mkono wa kulia hufunga wa kushoto, kisanduku kikielekea moyoni, kisha mkanda huzungushwa mara saba chini ya kiwiko na kumaliziwa vidoleni. Siku ya Sabato haivaliwi, maana Sabato yenyewe ni ishara ya agano. Kwangu mimi hapo ndipo inapoachana na hirizi. Nani huvua kinga yake siku iliyo takatifu kuliko zote?

Kijana aliomba Biblia. Akasimama mlangoni, dada yangu akiwa upande wa pili wa ukuta, akasoma zile aya nne moja baada ya nyingine. Ilipofika ile ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, nilimsikia dada akiifuatisha kwa sauti ndogo. Anaijua tangu utotoni.

Ungesema yameisha. La hasha! Alipomaliza, dada akaniita pembeni. Habari ya visanduku ameielewa, akasema, lakini wajukuu wake watakuwa nani? Nilipeleka swali lilivyo. Kijana hakuficha: kwao mtoto hufuata dini ya mama, kwa hivyo bibi arusi hujifunza kwanza, husimama mbele ya marabi watatu, kisha huzamishwa majini.

“Nilimbatiza mara moja,” dada akasema, akashika karai lake akaenda kisimani.

Mazungumzo ya mahari yamepangwa Jumapili ijayo badala ya Jumamosi, na wazee wawili tayari wananung'unika. Binti ameanza kujifunza herufi za Kiebrania. Mamake anaona daftari lile mezani kila jioni, hulisogeza akaandaa chakula, na hajasema ndiyo wala hapana.