Vito, mashujaa na pesa za ndengu

Haya wadau, ile makala ya hifadhidata niliyoahidi itangoja. Leo nataka kuongea juu ya gemu. Ndiyo, gemu, mtu mzima na ndevu zangu. Kuna jambo lililotokea nyumbani Oktoba na halijanitoka kichwani.

Kwa asiyejua: kuna michezo ya simu ambapo unapewa ubao wa miraba, nane kwa nane, umejaa vito vya rangi. Unabadilisha viwili vilivyo jirani ili vitatu vya rangi moja vikae kwenye mstari. Vinatoweka, vya juu vinaanguka, vipya vinaingia kujaza pengo. Basi. Babu wa ukoo huu ni Shariki, gemu ya DOS iliyoandikwa na Mrusi Eugene Alemzhin mwaka 1994. Ikafuata Bejeweled ya kampuni ya PopCap mwaka 2001, na mwaka 2012 Candy Crush Saga ikaingia karibu kila nyumba yenye simu.

Katikati hapo, mwaka 2007, Waaustralia wa Infinite Interactive wakiongozwa na Steve Fawkner walitoa Puzzle Quest. Waligeuza vito kuwa vita: kila rangi unayokusanya inakuwa nguvu ya kumpiga adui, na adui naye anacheza kwenye ubao uleule. Halafu Oktoba 2013 ikaja Marvel Puzzle Quest, iliyoundwa na Demiurge Studios ya Marekani, ambayo iliwaweka kina Spider-Man na Wolverine pale palipokuwa na wachawi na mapanga. Bure kabisa kupakua. Mimi nimecheza mmoja wa binamu zake wengi, na jina lake nitalihifadhi kwa sababu mengi nitakayosema ni malalamiko yangu binafsi.

Kwanza niseme kwa nini nauheshimu mchezo huu, maana watu hudhani ni upuuzi tu. Hauhitaji vidole vyepesi wala simu ya bei. Ni wa zamu, kama bao: unacheza, unangoja, anacheza. Ukiitwa, unaweka simu mfukoni, ukirudi ubao uko palepale. Ukiwa kwenye foleni ya Huduma Centre, au steji ya Kitui ukingoja matatu ijae (na dereva ameapa kwamba amebakiza mtu mmoja tu, kwa nusu saa), unapiga vita viwili na unajisikia umefanya kitu. Na kuna hesabu ndani yake. Unawachagua mashujaa watatu ambao rangi zao hazigombani. Unamnyima adui nyekundu. Unaacha vito vinne vya kijani makusudi kwa sababu unaona cha tano kinakuja. Kwangu hiyo ni raha ileile ya kupata hitilafu kwenye programu saa nane za usiku.

Kama mwandishi wa programu, napenda pia jinsi ulivyo mwepesi kwa ndani. Ukitaka kuunda ubao wa namna hii, unaujaza kwa rangi za bahati nasibu mraba baada ya mraba, ila kabla ya kuweka rangi unaangalia miwili ya kushoto na miwili ya juu, usije ukaanza na mstari uliokwisha kamilika. Halafu unapima kama kuna hata hoja moja inayowezekana. Haipo? Koroga upya. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Wachezaji wengi wa Puzzle Quest walilalamika kwamba kompyuta inawaibia, vito vinaanguka kwa kumpendelea yeye, na Fawkner akakana. Mimi namwamini. Vito vinavyoingia kutoka juu havijui ni zamu ya nani. Ni sisi tunaokumbuka maporomoko ya adui na kuyaita yetu ujuzi.

Kwa hiyo kwenye ubao hakuna wizi. Tatizo liko nje ya ubao.

Mimi nafanya kazi Kitui mjini na nyumbani kwetu ni upande wa Kibwezi, Makueni. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi tupu, lakini tangu barabara ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi ipigwe lami, naweza kwenda Jumamosi asubuhi na nikanywa chai ya mwaitu kabla ya saa sita. Njiani nacheza. Mpaka Ikutha mambo huwa sawa. Tukianza kuteremka kuelekea mto Athi, ambao ndio mpaka wa Kitui na Makueni, mtandao unaanza kupepesa, unarudi, unazimika. Sasa hebu ona: vita vyenyewe vinapigwa ndani ya simu, havihitaji intaneti hata kidogo. Lakini ukishashinda, simu lazima iiambie seva. Seva haipatikani. Gemu inazunguka, inazunguka, halafu inakurudisha mwanzo kana kwamba hukupigana. Mashujaa wako, hata hivyo, wanabaki na majeraha. Hilo ndilo liliniuma zaidi!

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii ningesema waandishi wake ni wavivu: kwa nini wasiweke matokeo kwenye foleni ndani ya simu, yatumwe mtandao ukirudi? Siku hizi naelewa. Simu iko mkononi mwa mchezaji, na kilicho mkononi mwa mchezaji kinaweza kudanganywa. Ukikubali matokeo ya saa tatu zilizopita kutoka simu usiyoiona, kuna kijana mahali fulani atakutumia ushindi 4,000 wa jana. Basi wanafunga mlango kwa wote, na mwaminifu wa Ikutha analipa pamoja na mwizi. Nimewahi kufanya uamuzi kama huo kwenye mfumo wa mteja wangu mmoja, wala sikumfikiria mtu aliye kwenye Probox mtoni.

Halafu kuna saa. Mashindano hupangwa kwa saa za Marekani. Unachagua mojawapo ya vipindi vya kumalizia, nami nilichagua kile kinachoisha saa sita usiku ya New York, kwa sababu hapa ni saa mbili asubuhi, wakati niko macho na sijaanza kazi. Nikapanda hadi nafasi ya nane kati ya watu elfu. Ilikuwa Machi. Nikaamka saa moja na dakika tano nimalizie, na nikakuta mashindano yameisha. Wamarekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele kwa ajili ya kiangazi, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Mimi! Mtu ambaye hulipwa kushughulikia tarehe na saa za kanda mbalimbali! Nikacheka, lakini si sana.

Na kuna hizo tokeni. (Si za stima.) Shujaa hakununuliwi mzima. Unavuta tokeni, inafunguka, inatoka kadi moja. Kadi hizo ndizo zinazompa shujaa uwezo wake, na hakamiliki mpaka ufikishe kadi kumi na tatu zilizogawanyika vizuri kati ya nguvu zake tatu. Kadi ya sita ya nguvu ileile ni hasara. Mashujaa wana daraja za nyota, moja hadi tano, na walio juu hutoka kwa nadra. Nafasi za kuwaweka ni chache, na kila nafasi mpya ina bei kubwa kuliko iliyopita. Kwa hiyo unapata shujaa adimu uliyemngoja mwezi mzima, na gemu inakuambia: huna chumba, una siku chache, ununue chumba au umuuze. Aliyebuni kidirisha hicho anajua binadamu vizuri mno.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaitu nilimnunulia simu ya kisasa ili tuonane kwa video. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu na ndiye anayemsomea susu yake meseji, kwa hiyo namba ya siri ya M-Pesa anaijua kama anavyojua jina lake. Hilo si ajabu, nyumba nyingi huku kwetu zinaishi hivyo tangu M-Pesa ilipoanza 2007: macho ya mzee ni ya mjukuu. Gemu niliiweka mimi kwenye simu ile, likizo ya Agosti, ili kijana apate la kufanya jioni. Tena ni mimi niliyeunganisha M-Pesa na akaunti ya Google Play, nilipomnunulia mwaitu programu ya kukuza maandishi. Tangu 2018 Mkenya anaweza kulipia vitu vya Google Play kwa M-Pesa, na nakumbuka nilifurahi sana ilipotangazwa. Kabla ya hapo, kukosa kadi ya benki kulikuwa ukuta. Tuliuona kama kikwazo tu, kumbe ulikuwa pia unazuia kitu.

Oktoba ndipo watu wa Ukambani hutayarisha mashamba, kwa kuwa mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kwetu. Mwaitu alikuwa ameweka pesa za mbegu za ndengu (ndugu zetu wa Tanzania huziita choroko). Alipokwenda kwa wakala kutoa, zilipungua shilingi 3,750. Akadhani ni wakala. Karibu wagombane na mama wa watu, majirani wa miaka ishirini. Ni dada yangu aliyefungua taarifa ya miamala na kukuta malipo matatu ya 1,250, yote usiku mmoja, ndani ya dakika arobaini.

Nilipofika Jumamosi kijana hakuniangalia machoni. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njia nzima kutoka Mutomo. Halafu nikamwuliza tu, ulipata nini? Akasema: "Anko, nilikuwa nimebakiza kadi moja."

Alivuta tokeni zote. Ile kadi haikutoka.

Hotuba ikaniishia. Nikatoa kompyuta, tukakaa chini ya mwembe, nikaandika mistari kumi na kitu ya Python huku anaangalia. Nikamwambia, tuseme uwezekano wa kupata shujaa wa daraja unalotaka ni 5 kwa 100. Tuchukue watu elfu moja, kila mmoja avute mpaka apate, tuone. Alikuwa na hakika kwamba kwenye mvuto wa ishirini kila mtu atakuwa amepata, "si ni mmoja kwa ishirini?" Tukaendesha. Kufikia mvuto wa kumi na nne karibu nusu walikuwa wamepata. Kufikia wa arobaini na tano, watu wapatao mia moja bado walikuwa mikono mitupu. Mmoja alivuta mara mia moja arobaini na kitu. Kijana akanyamaza, akasema tuendeshe tena. Tukaendesha mara nyingi. Daima kulikuwa na mtu mmoja maskini kule mwisho.

Tukaendelea. Kama daraja hilo lina mashujaa ishirini, yule mmoja unayemtaka ni mvuto mmoja kwa 400. Kadi kumi na tatu ni mivuto 5,200 kwa wastani, kabla hata ya kuhesabu zile zinazotoka nguvu isiyotakiwa. Akatafuta bei ya tokeni, akazidisha mwenyewe kwa kijiti mchangani, na akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka.

Sheria zimeanza kugusa jambo hili, kwa mbali. Apple ilizilazimisha gemu kutangaza uwezekano huo tangu Desemba 2017, na mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari haramu. Hata kwenye gemu yetu namba zipo, nyuma ya kitufe kidogo cha alama ya kuuliza. Kijana alikuwa hajawahi kukigusa. Kusema kweli, mimi pia nilikigusa baada ya mwaka mzima, na hesabu hii nilikuwa naiweza siku zote.

Nikalipa zile 3,750 mfukoni mwangu, nikaondoa M-Pesa kwenye akaunti, tukabadilisha namba ya siri. Mwaitu alikwenda kwa wakala na sukari kilo mbili kuomba radhi, na hilo ndilo lililomwuma kuliko pesa. Ndengu ziliingia ardhini kabla ya mvua ya kwanza, kwa siku mbili hivi.

Jioni kijana akaishika simu ya susu, akaifuta gemu mbele yangu bila kuambiwa. Wiki za kazi, mashujaa thelathini na wanne, kidole kimoja. Halafu akaniuliza, "Na yako, anko?"

Nikaitoa simu. Ilikuwa siku yangu ya 611 ya kuingia bila kukosa, na kulikuwa na mashindano yanayoisha Jumatatu asubuhi, nafasi ya kumi na mbili. Nikamwambia ngoja kwanza nimalize haya.