Upepo Si Mchezo

Mshikaji wangu mmoja wa kundi letu la uandishi hukosa raha akinikuta na mikono myeusi. Ati mtunga mashairi anatafuta nini kwenye kijiwe cha pancha, Mwananyamala? Namjibu: nauli, na unga wa wadogo zangu. Lakini pana jingine.

Tairi lisilo na tyubu ni kaidi, ndugu msomaji. Ndani ya kingo zake mna waya za chuma, na kingo hizo zisipoibana ringi pande zote, upepo hutoroka kabla haujakaa. Tairi lililolala stoo miezi mingi hukunjamana. Ukilitia mpira wa kompresa linakuzomea tu, fyuuu! Hapo Mjomba huwa hana haraka. Huisugua ringi kwa brashi kutoa kutu, hupaka kingo povu la sabuni, kisha huchomoa kijipini cha ndani ya vali ili upepo uingie kwa nguvu. Likigoma bado, twalizungushia kamba pale linapokanyaga barabara, tunakaza, kingo zinatanuka. Gereji zenye uwezo zina tangi la kuachia upepo wote kwa mkupuo. Sisi tuna kamba.

Geji ndiyo sheria yetu. Tairi la gari dogo halivuki paundi 40 likikalishwa. Zisipokaa hapo, Mjomba hutoa upepo, hupaka sabuni upya, huanza tena. Kulazimisha zaidi ni kuomba tairi lipasuke usoni. Kingo zikikaa utasikia: pa! Halafu pa! ya pili.

Wateja ndio hawana subira. Jioni moja dereva wa pikapu alitaka tumwage petroli ndani ya tairi, tuwashe kiberiti.

“Si linalipuka mara moja tu? Mnanichelewesha, bwana!”

Mjomba akaanza kukunja kamba. “Kaka, pesa yako naitaka. Macho ya huyu mpwa wangu nayataka zaidi.”

Tangu asubuhi tulikuwa hatujashika hata senti. Dereva akabeba tairi lake, akaenda. Usiku ule nyumbani tulikunywa chai kavu, na hakuna aliyemlaumu Mjomba.

Wenzangu wa kalamu, tunaandika sana juu ya wavuja jasho. Njooni Jumamosi. Mmoja ashike kamba upande ule, mimi nitashika huu.